Nungunungu Aliyesema kwa Sauti ya Babu

Mara ya kwanza babu yangu kufa, alikuwa anapasua kuni nyuma ya nyumba.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa Iringa mjini, Mlandege, nimelala mpaka saa tatu kama mtoto wa waziri. Haya nayasema kama bibi alivyonisimulia, na bibi huwa hapunguzi kitu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, kijijini kwetu jirani na Igowole, ukungu umekaa mpaka madirishani. Bibi akasikia kilio kinakuja kutokea njia ya mashine ya kusaga. Akajua jirani kafiwa. Akaingia ndani kuchukua khanga ya pili, maana msibani huendi na moja. Kutoka, anakuta kilio kimeshafika uwani kwake. Shangazi yangu mkubwa yuko mbele, mikono kichwani. Nyuma yake wanawake saba nane, mmoja kabeba debe la unga, wengine mizigo ya kuni, na vijana wawili wa majembe ambao walishaanza kuangalia pa kuchimba.

"Kafa nani?" bibi akauliza.

"Mama, usijikaze!" shangazi akasema. "Lia tu mama, tumeshasikia wote!"

Ndiyo babu akatokea kwenye kona ya nyumba, shoka mkononi, vumbi la kuni limemjaa kwenye ndevu. "Nyie, nani kafa?"

Wale wanawake walikimbia. Yule wa debe alikimbia nalo kichwani na unga haukumwagika hata kidogo. Vijana waliacha majembe, na moja babu aligoma kulirudisha. Alisema kama lililetwa kumchimbia yeye, basi ni lake.

Hapo watu huwa wanacheka. Nimeisimulia stendi, nimeisimulia kwa kinyozi, popote, watu wanashika mbavu. Kila siku naishia hapo kwenye jembe. Leo nitaendelea.

Kwetu mzee akifa, mjukuu mmoja anamvaa. Sijui makabila mengine wanafanyaje, nasema kwetu. Mjukuu anachukua koti la marehemu, kofia yake, fimbo yake, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anawafokea waombolezaji kwa sauti yake. Anauliza kwa nini chai imechelewa. Anamwambia mkwe wake uso umekuwa kama mfuko wa mkaa. Na watu wanamjibu kama wanamjibu marehemu mwenyewe. Mjane anamuuliza ufunguo wa sanduku uliuweka wapi. Aliyegombana na marehemu anakuja pale pale kuomba msamaha, na yule mjukuu akisema "nimekusamehe," imeisha, hakuna mtu wa ukoo anayelifungua tena lile jambo. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Lakini ni siku hiyo tu. Mtu hai havaliwi.

Babu alinichagua mimi nikiwa darasa la nne. Wajukuu tulikuwa kumi na nne, akanichagua mimi kwa sababu nilikuwa na mdomo. Darasani nilimuiga mwalimu wa hesabu mpaka mwalimu wa hesabu akanitandika huku anacheka. Jioni babu akitoka kwenye kiwanda cha mbao, alikokuwa anasukuma magogo, ananiita kwenye kigoda chake.

"Haya, nikohoe."

Nakohoa.

"Hapana. Mimi sikohoi mwanzo wa neno, nakohoa katikati. Tena."

"Nime... khoo... shasema!"

"Ehee. Na nikishasema nafanyaje?"

"Sirudii! Nimeshasema, sirudii mimi! Nasema hivi, sirudii!"

Maana ndivyo alivyokuwa, anasema harudii na huku anarudia mara tatu. Alikuwa anacheka mpaka pombe ya ulanzi inamtoka puani. Kisha anaweka kikombe chini, ananishika sikio, havuti, anashika tu. "Ni hapa hapa, mimi na wewe. Nje usinitoe. Siku yangu ikifika ndiyo unitoe, mpaka mbwa wangu achanganyikiwe."

Nikasema sawa babu.

Nilipomaliza la saba, sikuendelea. Nikaenda Iringa mjini kutafuta maisha, nikayakuta kwenye dawa ya panya. Mnaijua ile spika ya mkokoteni, inaimba kutwa nzima: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, panya akila haozi, anakufa mkavu kama dagaa. Ilikuwa sauti yangu hiyo. Wauzaji wengi wa Mlandege walirekodi kwangu. Nilikuwa naweka sauti ya mama mwenye nyumba, sauti ya panya mwenyewe analalamika, mpaka mtu ananunua dawa na hana panya.

Siku moja jamaa mmoja, zamani alikuwa anapiga video za harusi, akaniambia njoo studio. Studio ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa la Mhindi. Chumba kimoja kompyuta tatu na dada mmoja mchoraji asiyecheka. Chumba cha pili ni kabati, la kusimama ndani mtu mmoja, limezungushiwa mablanketi, na maiki inaning'inia. Walikuwa wanatengeneza vichekesho vya watoto vya kompyuta, dakika nne nne, kituo kimoja cha televisheni kimekubali kuvionyesha kila Jumamosi asubuhi. Mhusika ni nungunungu mzee anauza viazi. Kila anachopita karibu nacho kinanasa kwenye miiba yake: kofia ya mchungaji, chapati, ankara ya maji, mara moja kuku mzima. Yeye hajui, anazunguka navyo anafokea watu kwamba kuna wizi.

Sauti inarekodiwa kwanza, halafu dada anachonga mdomo wa nungunungu uifuate, halafu kompyuta inapika. Ndivyo wanavyosema, inapika, yaani inaziunda picha zote. Dakika nne za kicheko kompyuta inapika siku mbili, na umeme ukikatika katikati ugali umeungua, unaanza upya.

Nilijaribu sauti sita, bosi, yule jamaa wa harusi, akakataa zote. "Hizi za panya," akasema. "Nataka mzee. Mzee wa kweli." Umeme ukakatika nikiwa ndani ya lile kabati, giza, joto la mablanketi, nasikia bosi anatukana huko nje. Nikaanza kujisemea mwenyewe kupitisha muda. Nikasema kama babu angesema: "Nimelipa... khoo... nimelipa umeme mimi! Nimeshasema, sirudii!"

Mlango ukafunguliwa.

"Hiyo! Huyo ni nani?"

"Siyo mtu, bosi."

"Basi huyo 'siyo mtu' mpe nungunungu wangu."

Ningeweza kusema hapana. Nilijua pale pale, nimesimama na blanketi limeniganda mgongoni kwa jasho, nilijua. Nikajiambia kijijini watu wazima hawaangalii katuni. Babu ana redio tu, na nayo anasikiliza taarifa ya habari. Dada mchoraji akaniuliza mzee wako anatembeaje, nikamtembelea. Anashikaje kikombe, nikamshikia. Nikamtoa mzima, sikubakiza kitu. Kitu kimoja tu hawakukitaka, kununa kwake. Babu akinuna alikuwa anageuza kigoda anakupa mgongo, kimya. Bosi akasema katuni ya watoto haina kunyamaza, ukinyamaza sekunde tatu mtoto keshahama stesheni.

Kipindi cha kwanza kilipotoka, shangazi mkubwa alikuwa kwenye mgahawa Igowole anakunywa chai kwa vitumbua. Televisheni iko juu nyuma ya mgongo wake. Hakugeuka kuangalia, alisikia tu. Akasikia baba yake anafoka kuhusu viazi, kikohozi katikati ya neno. Na shangazi siyo mjinga, alijua baba yake hawezi kuwa kwenye televisheni. Alijua ni mimi. Na kama mjukuu keshaanza kumvaa hadharani, maana yake ni moja: baba kafa, na mjini wamejua kabla yetu. Akaacha kitumbua, akapiga kelele. Hiyo ndiyo sababu ya lile debe la unga.

Nilipigiwa simu. Matusi ya shangazi siyaandiki. Jumatatu nikapanda kwenda nyumbani.

Babu alikuwa ndani, kwenye kigoda. Nikaingia, nikapiga goti. "Kamwene, babu."

Akamgeukia bibi. "Mwambie aliyeingia afunge mlango, baridi."

Nikafunga.

"Babu, nilikosea."

"Muulize," akamwambia bibi, "siku nikifa kweli watalia na nini? Si wameshalia?"

Bibi akanitazama. "Babu yako anauliza..."

"Nimesikia bibi."

"Mwambie asijibu, sijamuuliza yeye, nimekuuliza wewe umuulize. Halafu muulize kule mjini atanivua lini."

Nikasema nitaacha. Nikasema nikifika tu mjini namwambia bosi atafute mtu mwingine. Bibi akamwambia babu, "Anasema ataacha." Babu akakohoa, akasema, "Tutaona," lakini hayo aliuambia ukuta.

Nilimwambia bosi kweli. Bosi akasema watoto wameshaipenda ile sauti, ukibadilisha watalia. Dada mchoraji, yule asiyecheka, akasema, "Midomo ya vipindi sita nimeshachonga." Lakini siyo hilo lililonifanya nisiache. Ukweli ni kwamba watoto wa Mlandege walikuwa wananifuata njiani. Mimi wa la saba, mtu wa sumu ya panya, napita sokoni, watoto ishirini nyuma yangu: "Sirudii! Sirudii!" Mama mmoja alinipa ndizi za bure. Nikawa najiambia nitaacha kipindi kijacho. Sikuacha. Hata Jumamosi hii ukiwasha utanisikia, wanarudia vile vya zamani.

Nyumbani nilikuwa naenda, mwisho wa mwezi. Sukari, sabuni, nusu kilo ya nyama. Babu anakula nyama, anamwambia bibi, "Mshukuru aliyeleta." Hivyo hivyo, miezi minane. Nilipozoea ikawa kama mchezo, na mimi namtumia bibi: "Bibi, muulize mzee kama koti linamtosha." "Mwambie linatosha." Nilidhani anaanza kulainika. Mara moja nilimuona bega linatikisika nikajua anazuia kicheko. Kumbe alikuwa anazuia kikohozi.

Kikohozi kilimmaliza. Kilihama kutoka katikati ya maneno kikaja mwanzo, kikaja mwisho, kikakaa kila mahali. Vumbi la mbao la miaka yote lile. Akakonda mpaka kofia ikawa inazunguka kichwani yenyewe. Baba mdogo anakaa Mbeya, akasema mleteni huku kwenye hospitali kubwa. Wakampeleka, bibi akaenda naye, na mimi nikafuata baada ya siku mbili.

Nilifika wodini mchana, muda wa kuona wagonjwa. Vitanda pande mbili, babu cha tatu karibu na dirisha. Nikasimama kwa mbali kwanza, sikutaka anione ghafla. Kulikuwa na nesi binti, mchangamfu, anaandika kwenye karatasi.

"Babu, umesema umekula nini asubuhi? Sijasikia vizuri."

Na babu, pamoja na ugonjwa wote ule, akajivuta kwenye mto, akasema, "Uji! Nime... khoo... shasema! Sirudii mimi! Nasema hivi, sirudii!"

Nesi akaacha kalamu. Akaziba mdomo. "Jamani! Nungunungu!"

Kitanda cha jirani kulikuwa na kijana kavunjika mguu. Akainuka. "Kweli aisee! Ni nungunungu mtupu!"

"Mzee, hebu sema tena," nesi akasema, anatoa simu. "Nimrekodie mwanangu, ana miaka minne, atafurahi huyo! Babu, unamuiga vizuri sana. Unamuiga mpaka kikohozi!"

Yule binti hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anamfurahisha mgonjwa, na wodi nzima ilikuwa inatabasamu, hata mzee mmoja mwenye mipira ya hewa puani. Babu akawatazama. Akatazama simu. Halafu akaniona, nimesimama kwenye mlango na machungwa kwenye mfuko.

Akafunga mdomo.

Hakuufungua tena. Nasema kweli. Daktari anauliza inauma wapi, babu ananyoosha kidole. Anauliza umelala, babu anatikisa kichwa. Baba mdogo akadhani ni kiharusi, daktari akampima, akasema koo ni zima, ulimi ni mzima, mzee hataki tu. Bibi alimbembeleza kwa Kihehe, kwa Kiswahili, kwa kumnyima uji. Usiku hata akiota alikuwa haongei, bibi alikuwa anasikiliza. Siku kumi na moja. Mimi nilikuwa nakaa kwenye benchi la nje. Nikiingia ananitazama vizuri tu, bila hasira, kama unavyomtazama mtu wa kitanda cha jirani. Siku ya kumi na mbili asubuhi baba mdogo alitoka wodini akasimama mbele yangu, akasema, "Mzee katuacha."

Tukamrudisha Igowole. Safari hii hakuna aliyekimbia.

Wajomba na baba wadogo walikaa kikao nyuma ya jiko, nje, kwenye baridi. Niliitwa mwisho. Wakaniambia atakayemvaa babu ni binamu yangu, dereva wa bodaboda wa Makambako, mimi nikae na wapika chai. Nikasema sawa, nikaenda kwenye jiko la chai.

Binamu akavaa koti. Akaweka kofia, akashika fimbo, akatoka mbele ya watu. Akaanza vizuri, akamfokea mkwe mmoja. Halafu akakohoa katikati ya neno, akasema, "Sirudii!"

Watoto waliokuwa wamekaa kwenye mkeka wakasimama wote. "Nungunungu! Nungunungu!"

Binamu hakuwa amejifunza kwa babu. Babu hakumfundisha. Alijifunza kwenye televisheni, kwangu. Hata kutembea kwake kulikuwa kule kwa kompyuta, magoti yanapinda kupita ya mtu. Watoto wakakimbia jikoni wakarudi na viazi, wakaanza kumbandika mgongoni kwenye koti waone kama vitanasa. Vinaanguka, wanaokota, wanabandika tena, wanacheka. Wazee wanawatazama tu. Hakuna mtu mzima aliyecheka, na kibaya zaidi, hakuna aliyelia. Shangazi mkubwa alikuwa amekaa na khanga yake kavu, anageuza uso huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu sokoni.

Mwisho akanyanyuka. Akawafukuza watoto, akamvua binamu koti kwa nguvu, kofia ikaanguka akaiokota. Akaja mpaka kwenye jiko la chai.

"Vaa."

"Shangazi, kikao kimesema..."

"Vaa. Uliyemtoa ni wewe, umrudishe wewe."

Nikavaa. Koti lilikuwa linanuka dawa ya hospitali, halikuwa linanuka mbao tena. Nikatoka mbele ya watu, watoto wakaanza kusukumana, wanangoja. Nikafungua mdomo. Sauti ilikuwepo, tayari kabisa, nilikuwa nayo kwenye koo kama siku zote. Nikajua nikiitoa watapiga kelele nungunungu, na itakuwa basi.

Nikaenda kwenye kigoda chake. Nikakigeuza, nikakaa, nikawapa mgongo.

Mwanzoni walidhani najipanga. Mtu mmoja akacheka kidogo, akaacha. Nilikuwa nautazama ukuta wa nyumba, pale udongo ulipobanduka. Nilikaa vile alivyokuwa anakaa, bega la kushoto chini kidogo, kidole gumba ndani ya ngumi. Muda ukapita. Nyuma yangu nikasikia shangazi anavuta pumzi, halafu akaanza kulia, siyo kile kilio cha siku ya debe, kilio cha chini chini. Na wengine wakafuata.

Bibi akaja. Alikaa chini kwenye majani, nyuma yangu, akaongea na lile koti.

"Mzee. Siku kumi na moja hukusema hata na mimi. Mimi nilikukosea nini?"

Nikaendelea kuutazama ukuta.

"Nilikuwa nakupa uji kwa kijiko. Ungesema hata 'unaunguza'." Akavuta khanga mabegani. "Haya, ya kwangu nayaacha. Lakini huyu mtoto, umsamehe. Sema neno moja mbele ya watu wote hawa, tukuzike nalo. Neno moja tu, mzee wangu."

Uwanja wote ulikuwa unasikiliza. Kwetu likisemwa ndani ya koti limesemwa. Ningesema "nimemsamehe," na kikohozi katikati, ukoo mzima ungeitikia na ningerudi Iringa mtu safi. Bibi alikuwa ananipa nafasi hiyo, nilijua, ndiyo maana aliomba kwa sauti kubwa. Neno lilikuwa mdomoni. Nilitaka kulisema kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka.

Lakini mtu wa kwenye kigoda alikuwa babu, na babu nilikuwa namjua. Alinifundisha mwenyewe.

Sikujibu. Bibi akangoja muda mrefu. Halafu akashika bega la koti ili ajinyanyue, akasimama, akakung'uta majani kwenye khanga.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Akaenda kuangalia kama ugali wa wageni umeiva.